Kinga ya Programu Jasusi Inapogoma Kusasishwa: Mwongozo Kamili wa Kuirudisha Kazini

Wengi wanaokwama hapa hufanya jambo lile lile. Wanaona ujumbe kwamba sasisho limeshindikana, wanaifuta kinga nzima, wanaiweka upya, na baada ya robo saa ujumbe ule ule umerudi. Wanarudia mara ya pili na ya tatu, kisha wanachoka na kuendelea kutumia kompyuta yenye kinga iliyopitwa na wakati.

Mara nyingi kinga yenyewe haina ubovu wowote. Tatizo liko pembeni yake: saa ya kompyuta imerudi nyuma, kinga ya pili inagombana nayo, huduma moja ya Windows imezimwa, au programu jasusi (spyware, yaani programu inayojificha na kukupeleleza) imeziba njia ya kufikia seva za masasisho. Ukiifuta kinga na kuiweka upya, hayo yote yanabaki palepale. Ndiyo maana hatua zilizo hapa zinaanza na mambo mepesi ya pembeni, na hazikutumi kufuta chochote kabla ya kujua chanzo.

Mwongozo huu ni wa Windows 10 na Windows 11. Mfano wangu mkuu ni Microsoft Defender kwa sababu huja pamoja na mifumo hiyo. Kama unatumia kinga nyingine, vitufe vitakuwa na majina tofauti, lakini hatua ya 2, ya 3 na ya 5 hazibadiliki. Zifuate kwa mpangilio. Sasisho likikubali ukiwa katikati, ruka hadi hatua ya 8 na uendelee kutoka hapo. Tafadhali usiishie pale sasisho lilipokubali.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Akaunti yenye mamlaka ya msimamizi kwenye kompyuta, pamoja na nywila yake.
- Kompyuta ya pili unayoiamini. Simu inatosha kwa kusoma maelekezo, lakini kompyuta ni bora kwa kupakua faili.
- Flashi tupu ya gigabaiti 1 au zaidi.
- Nakala ya akiba ya picha na nyaraka zako kwenye diski ya nje. Ukimaliza kunakili, ichomoe diski hiyo na usiirudishe mpaka kazi iishe.
- Namba ya leseni, kama kinga yako ni ya kulipia.
- Ufunguo wa BitLocker, kama diski yako imefungwa kwa mfumo huo. Kompyuta inaweza kuuomba ghafla inapowaka.
- Karatasi na kalamu. Namba za makosa hupotea pindi dirisha linapofungwa, na bila namba utabaki kubahatisha.
- Muda. Ukaguzi kamili wa diski iliyojaa unaweza kuchukua saa kadhaa.

Onyo moja kabla hatujaanza: mpaka umalize hatua ya 8, usifungue akaunti ya benki wala barua pepe kwenye kompyuta hiyo. Programu jasusi nyingi hurekodi kila herufi unayobonyeza.

## Hatua ya 1: Soma hali halisi

Alama ya kijani pembeni ya skrini haitoshi. Unahitaji kujua mambo matatu: kinga ipi ndiyo inayolinda sasa, orodha yake ya utambuzi ni ya tarehe gani, na kama ulinzi wa papo kwa papo, yaani ule unaokagua kila faili pale linapofunguliwa, umewashwa. Orodha ya utambuzi ndiyo inayoiambia kinga programu jasusi zinafananaje. Kwa Defender, orodha hii hutolewa upya mara kadhaa kwa siku, kwa hiyo ikipitwa na wiki mbili, kuna mengi ambayo kinga yako haiyajui.

Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya Start, kisha chagua Terminal (Admin). Kwenye Windows 10 huitwa Windows PowerShell (Admin). Andika:

    Get-MpComputerStatus

Itatokea orodha ndefu. Tafuta mistari hii minne tu:

- AMRunningMode. Ikisema Normal, Defender ndiyo mlinzi. Ikisema Passive Mode, imejiweka kando kwa sababu kuna kinga nyingine. Ikisema Not running, haifanyi kazi kabisa.
- AntispywareEnabled. Inapaswa kuwa True.
- RealTimeProtectionEnabled. Nayo inapaswa kuwa True.
- AntispywareSignatureAge. Huu ni umri wa orodha kwa siku. Sifuri au moja ni sawa. Ukiona 65535, usidhani ni miaka mingi. Maana yake ni kwamba orodha haijawahi kusasishwa hata mara moja.

Sasa fungua Windows Security, ingia Virus & threat protection, kisha Protection updates, na ubonyeze Check for updates. Ikishindwa, nakili namba ya kosa. Hizi ndizo zinazojirudia zaidi:

- 0x80072F8F: cheti cha usalama kimekataliwa, na mara nyingi ni kwa sababu ya saa. Hatua ya 2.
- 0x80070070: diski imejaa. Hatua ya 2.
- 0x80070422: huduma imezimwa. Hatua ya 4.
- 0x80072EE7: jina la seva halipatikani. Hatua ya 5.
- 0x80070005: ruhusa imekataliwa. Anza na hatua ya 3, kisha hatua ya 7.
- 0x80070643: usakinishaji umeshindwa. Hatua ya 6 na ya 7.

Umefanikiwa kama: una namba ya kosa na majibu ya mistari minne kwenye karatasi.

## Hatua ya 2: Saa, nafasi na muunganisho

Haya ni mepesi, lakini usiyaruke.

Angalia tarehe, na hasa mwaka. Seva ya masasisho hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Kompyuta inayoamini kwamba bado ni mwaka 2019 itakiona cheti cha leo kuwa si halali, na itakataa kuunganishwa. Nenda Settings, kisha Time & language, kisha Date & time, na ubonyeze Sync now. Saa ikirudi nyuma kila unapochomoa kompyuta ya mezani kwenye umeme, betri ndogo ya ubao mkuu imekwisha. Kwa kawaida ni ile ya mviringo iitwayo CR2032.

Hakikisha diski C ina angalau gigabaiti 10 zilizo wazi.

Angalia pia kama mtandao wako umewekwa kuwa wa kupimiwa, yaani Metered connection. Mpangilio huo huzuia masasisho mengi kupakuliwa yenyewe, na watu huuwasha ili kubana matumizi ya data kisha wakausahau. Unapatikana kwenye sifa za mtandao wa Wi-Fi uliounganishwa. Uzime kwa muda wa kazi hii.

Mwisho, washa kompyuta upya kwa kutumia Restart. Shut down haitoshi hapa. Pale ambapo kipengele cha kuwaka haraka kimewashwa, Windows huhifadhi sehemu ya hali ya mfumo kwenye diski unapoizima, kisha huirudisha ilivyokuwa ikiwaka. Hitilafu iliyokuwamo inaweza kurudi nayo. Restart huanza upya kabisa.

Umefanikiwa kama: saa ni sahihi, nafasi ipo, na umejaribu tena kusasisha baada ya Restart.

## Hatua ya 3: Abaki mlinzi mmoja tu

Hapa ndipo penye matatizo mengi kuliko watu wanavyodhani. Wazo kwamba kinga mbili zinalinda mara mbili limeenea sana, na ni la hatari. Kinga mbili zenye ulinzi wa papo kwa papo hugombea faili lile lile kwa wakati ule ule. Moja inalishika ili ilikague, nyingine inakataliwa, na masasisho yanafia katikati. Kompyuta inakuwa nzito, na hakuna inayokulinda ipasavyo.

Mara nyingi kinga ya pili haukuiweka wewe. Kompyuta nyingi mpya huuzwa zikiwa na kinga ya majaribio. Muda wake ukiisha inaacha kupokea masasisho, lakini inaweza kuendelea kujitangaza kwa Windows kuwa ndiyo mlinzi, na Defender ikaendelea kukaa kando. Unabaki na mlinzi aliyelala na mwingine aliyezuiwa.

Fanya hivi:

1. Fungua Windows Security, nenda Settings iliyo chini kushoto, kisha Manage providers. Utaona kinga zote zilizojiandikisha.
2. Amua moja itakayobaki. Kama hulipii kinga nyingine, bakiza Defender. Kwa matumizi ya nyumbani inatosha, na naisema kwa uhakika.
3. Nyingine iondoe kupitia Settings, Apps, Installed apps. Kwenye Windows 10 sehemu hiyo huitwa Apps & features.
4. Washa upya, kisha tembelea tovuti rasmi ya waliotengeneza kinga uliyoiondoa na upakue kifaa chao maalumu cha kusafisha mabaki. Kampuni nyingi za kinga zina kifaa cha aina hiyo. Uondoaji wa kawaida huacha viendeshi vya ndani (drivers, vipande vya programu vinavyofanya kazi ndani kabisa ya Windows), na hivyo ndivyo vinavyoendelea kuzuia.
5. Washa upya tena.

Kuna programu zinazoweza kukaa pamoja na kinga kuu bila ugomvi: zile zinazokagua pale tu unapoziagiza. AdwCleaner ni mfano mmoja, na Malwarebytes ya bure ni mwingine. Angalizo: Malwarebytes huanza na siku za majaribio ya toleo la kulipia, na katika siku hizo inaweza kujiandikisha kama mlinzi mkuu. Mpangilio wa kujiandikisha unaweza kuuzima ndani ya programu yenyewe.

Onyo kuhusu kinga bandia. Ukikuta kwenye orodha programu yenye jina la kuvutia ambayo hukumbuki kuiweka, na inadai imegundua mamia ya vitisho kisha inataka malipo ili ivisafishe, hiyo yenyewe ndiyo adui. Usilipe, wala usiipe namba ya kadi. Iondoe, na ikikataa kuondoka, ruka hadi ukaguzi wa nje ya mtandao ulio kwenye hatua ya 8.

Vilevile, ujumbe unaojitokeza pembeni ya skrini ukisema kinga yako imeisha muda mara nyingi hautoki kwenye kinga yoyote. Ni arifa za kivinjari kutoka tovuti uliyowahi kuibofya Allow. Fungua mipangilio ya kivinjari, tafuta sehemu ya arifa, na ufute ruhusa za tovuti zote usizozitambua.

Umefanikiwa kama: Manage providers inaonyesha kinga moja tu iliyowashwa, na AMRunningMode inasema Normal ikiwa umebakiza Defender.

## Hatua ya 4: Huduma zilizozimwa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `services.msc`, bonyeza Enter. Tafuta huduma hizi:

- Microsoft Defender Antivirus Service
- Windows Update
- Background Intelligent Transfer Service
- Cryptographic Services
- Security Center

Usishtuke ukikuta Windows Update au Background Intelligent Transfer Service haikimbii wakati huo. Hizo huamka zinapohitajika, kisha hulala. Kasoro ni pale safu ya Startup Type inaposema Disabled. Ikisema hivyo, bofya huduma hiyo mara mbili, chagua Manual, bonyeza Apply, kisha Start. Cryptographic Services iwe Automatic.

Ile ya Defender vitufe vyake vimefifia na havibonyezeki. Ni kwa makusudi, ili programu jasusi isiweze kuizima kwa urahisi huo.

Je, Windows Security inakuambia kwamba mpangilio unasimamiwa na msimamizi wako, ilhali hii ni kompyuta yako ya nyumbani? Basi kuna kitu kimeandika sera ya kuifunga kinga. Fungua `regedit`, yaani kihariri cha mipangilio ya ndani ya Windows, na uende hapa:

    HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Policies\Microsoft\Windows Defender

Kwenye kompyuta isiyosimamiwa na ofisi wala shule, sehemu hiyo kwa kawaida haina kitu zaidi ya thamani iitwayo Default. Ukikuta thamani kama DisableAntiSpyware, au DisableRealtimeMonitoring ndani ya folda ndogo ya Real-Time Protection, huenda ni kazi ya programu jasusi, au ya mojawapo ya programu zinazojitapa kuongeza kasi ya kompyuta. Kabla ya kufuta, bonyeza kitufe cha kulia juu ya folda hiyo, chagua Export, na uhifadhi nakala. Kisha futa thamani hizo tu, uwashe upya. Usiguse kitu kingine ndani ya regedit. Kosa dogo humo linaweza kuizuia Windows isiwake.

Kama kompyuta ni ya mwajiri, acha hatua hii kabisa na umwone anayeisimamia.

Umefanikiwa kama: hakuna huduma kati ya zile tano inayosema Disabled, na ujumbe wa msimamizi umeondoka.

## Hatua ya 5: Njia iliyozibwa

Kama tovuti nyingine zinafunguka vizuri lakini kinga pekee ndiyo haifiki kwenye seva yake, shuku hatua hii kuliko zote. Mtengenezaji wa programu jasusi anajua kwamba sasisho lijalo ndilo litakalomfichua, kwa hiyo anaziba njia. Anazo sehemu tatu za kuifanyia kazi hiyo.

### Faili la hosts

Hili ni faili dogo la maandishi ambalo kompyuta hulisoma kabla ya kuuliza mtandaoni anwani ya tovuti. Bofya Start, andika Notepad, ifungue kwa Run as administrator. Ndani yake chagua File, Open, badilisha aina ya faili iwe All files, kisha fungua:

    C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts

Katika hali ya kawaida kila mstari huanza na alama ya `#`, yaani haufanyi kazi yoyote. Ukikuta mstari usio na alama hiyo, unaoanza na 127.0.0.1 au 0.0.0.0 kisha likafuata jina la Microsoft au la kampuni ya kinga, umempata mhusika. Namba 127.0.0.1 ni kompyuta yako yenyewe: ombi la sasisho linatoka na kurudi pale pale lilipoanzia. Futa mistari hiyo na uhifadhi. Ikigoma kuhifadhi, funga Notepad, fungua sifa za faili hilo, uondoe alama ya Read-only.

Tahadhari: wapo wanaoongeza mistari humo kwa hiari ili kuzuia matangazo, na baadhi ya programu za kazi nazo huongeza. Uliza waliomo nyumbani kabla ya kufuta yote. Majina ya kampuni za kinga, hata hivyo, hayana sababu yoyote njema ya kuwamo.

### Proksi

Proksi ni seva ya kati inayopitisha maombi yako ya mtandao.

Nenda Settings, Network & internet, Proxy. Zima Use setup script na Use a proxy server, uache Automatically detect settings pekee. Kisha kwenye dirisha la Terminal la msimamizi andika:

    netsh winhttp show proxy

Jibu linalotakiwa ni Direct access (no proxy server). Ukipata jibu jingine, andika `netsh winhttp reset proxy`. Watu husafisha proksi ya Settings na kusahau hii ya pili, nayo ndiyo inayotumiwa na huduma nyingi za ndani ya Windows.

### DNS

DNS ndiyo huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake. Kwenye sifa za mtandao wako tafuta DNS server assignment na uhakikishe ni Automatic. Kisha andika `ipconfig /flushdns` ili kompyuta isahau anwani za zamani. Ikiwa vifaa vyote vya nyumbani vina tatizo lile lile, chanzo ni ruta. Ingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio, angalia anwani za DNS, na ubadilishe nywila ya msimamizi kama bado ni ile ya kiwandani.

Ikiwa unatumia VPN ya bure, izime unapojaribu.

Sasa washa upya, na rudia kukagua sehemu zote tatu. Hiki ndicho kipimo muhimu kuliko vyote katika mwongozo huu. Mabadiliko yako yakibaki, uliyofuta yalikuwa mabaki ya zamani. Mistari au proksi ikirudi yenyewe, programu jasusi iko hai na inafanya kazi sasa hivi. Usipoteze muda na hatua ya 6 na ya 7. Nenda moja kwa moja hatua ya 8, kisha urudi hapa.

Umefanikiwa kama: sehemu tatu zimebaki safi baada ya Restart.

## Hatua ya 6: Lazimisha sasisho kwa mkono

Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike mistari hii mmoja mmoja:

    cd "C:\Program Files\Windows Defender"
    MpCmdRun.exe -removedefinitions -dynamicsignatures
    MpCmdRun.exe -SignatureUpdate

Amri ya pili huondoa vipande vya orodha vilivyopakuliwa kwa muda, ambavyo vikiharibika huzuia vipya kuingia. Haiifuti kinga. Amri ya tatu inaleta orodha mpya.

Ikishindwa, tumia kompyuta ya pili. Ingia kwenye tovuti ya Microsoft ya masasisho ya Defender na upakue faili liitwalo mpam-fe.exe. Chagua linalolingana na kompyuta yenye tatizo: biti 64, biti 32, au ARM. Aina yake utaiona kwenye Settings, System, About, mstari wa System type. Kabla ya kulihamishia kwenye flashi, fungua sifa za faili, kichupo cha Digital Signatures, uone kama limesainiwa na Microsoft Corporation. Lisilo na saini, lifute.

Ukilifungua kwenye kompyuta yenye tatizo, hakuna dirisha litakalotokea. Wengi hudhani limegoma na kulibofya mara kumi. Libofye mara moja, usubiri dakika chache, kisha urudie amri ya hatua ya 1.

Umefanikiwa kama: AntispywareSignatureAge ni 0 au 1.

## Hatua ya 7: Rekebisha Windows yenyewe

Fanya hii ikiwa tu hatua ya 6 imekataa. Kwenye Command Prompt ya msimamizi:

    net stop wuauserv
    net stop bits
    ren C:\Windows\SoftwareDistribution SoftwareDistribution.old
    net start bits
    net start wuauserv

Hapo umeiondolea Windows ghala la masasisho lililoharibika, itajijengea jipya. Kisha:

    DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth
    sfc /scannow

Usigeuze mpangilio wa hizo mbili. DISM hutengeneza akiba ambayo sfc huitumia kurekebisha faili. Akiba ikiwa mbovu, sfc haina pa kuchukulia. DISM inaweza kusimama kwenye asilimia moja kwa dakika nyingi. Iache.

Umefanikiwa kama: sfc inasema haikukuta kasoro, au imezirekebisha zote, na hatua ya 6 sasa inakubali.

## Hatua ya 8: Kagua, ukianza na orodha ya msamaha

Kinga iliyosasishwa bado inaweza kupofushwa. Ndani ya Virus & threat protection, chini ya Manage settings, kuna sehemu iitwayo Exclusions. Hizo ni folda na faili ambazo kinga imeambiwa isiziangalie. Programu jasusi ikipata mamlaka ya msimamizi mara moja tu, hujiandika hapo na kuishi kwa amani hata kinga ikiwa mpya kiasi gani. Futa kila kitu ambacho hukukiweka mwenyewe. Ukikuta diski C nzima, au aina ya faili kama .exe, imesamehewa, chukulia kwamba kompyuta imeingiliwa.

Baada ya hapo:

1. Bonyeza Scan options, chagua Full scan. Acha kompyuta kwenye umeme.
2. Kilichopatikana kiondoe kwa Remove, au kiwekwe karantini ikiwa huna uhakika.
3. Rudi Scan options, chagua Microsoft Defender Antivirus (offline scan). Hifadhi kazi zako kwanza, maana kompyuta itajizima na kuwaka. Ukaguzi huu huchukua takriban dakika 15.

Ninausisitiza huu wa tatu kwa sababu unafanyika kabla Windows haijawaka. Programu jasusi inayojificha huhitaji Windows iwe inakimbia ili ijifiche. Hapa inakutwa ikiwa faili tu kwenye diski.

Matokeo yake yasome kwenye Protection history baada ya kompyuta kuwaka. Kama programu jasusi imepatikana, badilisha nywila zako zote ukitumia kifaa kingine kilicho safi, ukianza na barua pepe, kwa kuwa kupitia hiyo mtu anaweza kubadilisha nywila za akaunti nyingine zote.

Vitisho vilevile vikirudi baada ya ukaguzi wa nje ya mtandao kufanyika mara mbili, acha kurekebisha. Hifadhi nyaraka na picha tu, uache programu zote, kisha nenda Settings, System, Recovery, Reset this PC, uchague Remove everything. Kwenye Windows 10, Recovery iko ndani ya Update & Security. Inauma, lakini ni bora kuliko kuishi na kompyuta usiyoiamini.

## Hatua ya 9: Jaribu kama inalinda kweli

Lipo faili la majaribio liitwalo EICAR, lenye herufi 68 tu, lililotengenezwa kwa kazi hii. Halina madhara, na kinga zimekubaliana kulitambua kana kwamba ni kirusi. Lipakue kutoka tovuti ya eicar.org.

Umefanikiwa kama: kinga inalizuia au kulifuta papo hapo, na tukio linaonekana kwenye Protection history. Likikaa kwenye folda ya Downloads bila kuguswa, ulinzi wa papo kwa papo haufanyi kazi. Rudi hatua ya 3.

Usijaribu kamwe kwa kutumia kirusi cha kweli.

## Baada ya hapo: kuitunza isirudi kugoma

Washa Tamper Protection, iliyo kwenye Manage settings ile ile. Inazuia programu nyingine kubadilisha mipangilio ya kinga, na inaziba milango mingi tuliyoipitia hapo juu.

Tumia akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku, ya msimamizi ibaki kwa kusakinisha tu. Programu jasusi inayoingia kupitia akaunti ya kawaida haiwezi kugusa faili la hosts wala kujiandika kwenye orodha ya msamaha bila kukuomba nywila.

Kumbuka umri wa Windows yenyewe. Windows 7 iliacha kupokea masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na Windows 8.1 tarehe 10 Januari 2023. Windows 10 iliondolewa msaada wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Microsoft imesema orodha za utambuzi za Defender kwenye Windows 10 zitaendelea kutolewa hadi Oktoba 2028, na hili limewachanganya wengi: orodha mpya hazizibi matundu ya mfumo. Usipohamia Windows 11, jiandikishe kwenye mpango wa nyongeza wa masasisho ya usalama, ambao kwa watumiaji wa nyumbani umepangwa kuishia tarehe 13 Oktoba 2026.

Na mara moja kwa wiki, fungua Protection updates usome tarehe ya Last update. Ikipita siku tatu bila kubadilika huku kompyuta ikiwa mtandaoni, anza tena hatua ya 1 siku hiyo hiyo.